Vidole vya Mkono wa Kushoto

Kabla ya kumfundisha mtu nota hata moja, Banza alimwambia anyooshe mkono wa kushoto. Aliushika, akaugeuza kiganja juu, akazibonyeza ncha za vidole moja moja kwa ukucha wa gumba lake. Zikiwa laini, somo limekwisha kabla halijaanza: rudi nyumbani, ukapige mpaka ngozi ife. Hakuna mwanafunzi aliyempenda kwa hilo. Wengine walikwenda kusugua vidole kwenye mawe ya ufukweni ili wamdanganye, naye aliwajua mara moja, kwa sababu jiwe huchubua ngozi yote lakini nyuzi za gitaa hukata mahali pale pale kila siku.

"Kinywa inaweza kudanganya," alikuwa akiwaambia. "Vidole hapana."

Jumamosi hiyo asubuhi, nyuma ya kanisa moja la Kashikishi, mji wa Zambia kando ya ziwa, mkono aliokuwa akiukagua ulikuwa wa Chanda, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa mfanyabiashara wa samaki wa kisiwa cha Chisenga. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama inavyotakiwa. Kiswahili chake ndicho kilichokuwa bado kibichi. Kama Wazambia wengi wa mwambao ule, alikiokota kwa kuuziana samaki na Wakongomani: alijua kilo, alijua mbichi na iliyooza, alijua ongeza na punguza, na akitoka hapo alirudi kwenye Kibemba chake.

"Ba Solo," alisema, "leo mimi nalete wimbo. Nashika mwenyewe, mu fone."

Ba Solo ndilo lililokuwa jina la Banza upande huu wa ziwa. Alivuka kutoka Congo pamoja na wakimbizi wengine, akakaa kwanza makazi ya Mantapala, akalima muhogo ukamshinda, kisha akateremka Kashikishi kutafuta mahali penye umeme na magitaa. Wazambia hawakuuliza kwao aliitwa nani. Walisikia anavyopiga solo, wakamwita Solo, wakatanguliza Ba ya heshima, yakaisha. Jina la Banza lilibaki midomoni mwa Wakongomani wachache wa sokoni.

Chanda akaweka gitaa vizuri pajani, akaanza. Banza alitambua kabla hata nota ya tatu haijafika, na moyo wake ukafurahi kijinga. Ilikuwa solo yake mwenyewe! Aliirekodi kwa Mwewa, kwenye studio ile ndogo nyuma ya duka la simu, wiki chache zilizopita. Sasa mwanafunzi wake ameiokota kutoka kwenye simu, akahangaika nayo usiku na mchana, bila kujua kwamba mwenye solo yuko mbele yake amekalia kreti ya bia. Banza akanyamaza. Alitaka kwanza aifaidi raha hiyo peke yake.

Kazi ya studio ndivyo ilivyo. Unaitwa, unakalishwa, unavishwa vipokea sauti masikioni, unasikilizishwa ngoma na besi za watu usiowajua, halafu unaambiwa furaha au huzuni, haraka au polepole. Maneno bado. Mwimbaji atakuja kuyaweka baadaye, pengine katika nchi nyingine kabisa. Unapiga, unaagwa, na siku wimbo ukitoka unausikia barabarani kama mpita njia yeyote. Banza alikwisha kuzipigia harusi ambazo hakualikwa, na kuwapigia sifa wanasiasa ambao asingewapa hata maji ya kunywa, na hakuwa na kinyongo. Siku ile Mwewa alimwambia hii ni kazi ya ng'ambo, ya huzuni, mambo ya kuchezesha kiuno hawataki. Basi akapiga huzuni, akaenda zake kula samaki.

Chanda akamaliza utangulizi, akafumba macho, akafungua kinywa.

*Banza, mayi ilikukamata mbele ya wakati,*
*gitare yako tu njo ilirudia ku muchanga.*
*Banza, nikiimba sasa, nani atanijibu?*

Aliimba akitabasamu. Alidhani ni wimbo wa mapenzi, maskini, kwa kuwa katika maneno yote yale alilolielewa vizuri ni maji.

"Simama," Banza alisema.

"Nakosa, Ba Solo?"

"Hapana. Leta fone."

Akaibonyeza mwenyewe. Gitaa lake likatoka kwenye kile kisimu, na juu ya gitaa ikaja sauti. Angeijua sauti hiyo hata angeamshwa nayo kaburini. Ilikuwa ya Djo. Djo wa Kilwa, ile Kilwa ya Congo ng'ambo ya ziwa, ambaye alitunga naye nyimbo ujana wao wote na ambaye hawakusemezana tena tangu ugomvi wao. Djo alikuwa analia kwa sauti, si kilio cha studio, na mwishoni, pale gitaa linapoachiwa nafasi na mwimbaji hutaja watu kama ilivyo desturi ya muziki wa kwao, akaanza kutaja.

*Ya Jeanine, dada ya marehemu, uvumilie. Familia yote ya Kilwa, muvumilie. Banza wa gitare, ndugu yangu, lala.*

Banza alijishika shavu. Ndiyo, mtu mzima mwenye mvi alijishika shavu, akajifinya, akasikia maumivu, wala hayakumtuliza. Jeanine, anayeitwa Ya kwa heshima, alikuwa dada yake, mtoto wa mama yake. Familia ya Kilwa ilikuwa yake. Na gitaa lile lililokuwa linamlilia marehemu, lile lililomfanya Chanda ashinde na nyuzi wiki nzima, lilikuwa limepigwa na marehemu mwenyewe kwa vidole vyake hivi, akifikiria samaki.

"Ba Solo?" Chanda alisema. "Uko mugonjwa?"

"Hii wimbo ni ya matanga," alimjibu. "Banalilia mutu alikufwa. Ule mutu ni miye."

"Ni wewe nani?"

"Banza. Banza njo miye."

Chanda alilitua gitaa chini taratibu, akalitegemeza ukutani, akasogea mbali kidogo. Kisha akachukua simu yake na viatu vyake mkononi, akaondoka kwa hatua ndefu kuelekea sokoni, kwa sababu habari kama hiyo mtu hawezi kukaa nayo peke yake.

Banza alikwenda kwa Mwewa. Hakumbuki alivyofika. Anakumbuka kwamba mama mmoja mwenye beseni la chisense, vile visamaki vidogo vya kukausha, alimsalimia, naye akastaajabu kwamba ameonekana.

Mwewa alipoambiwa alicheka kwanza. Alicheka mpaka akashika meza, kwa kuwa ni mtu wa kucheka. Kisha akamtazama Banza usoni, kicheko kikamkauka.

"Ule Djo aliniandikia," alisema. "Anasema, ndugu yangu alikufwa mu ziwa, anafika mwaka sasa, batatoa matanga, miye nataka wimbo. Natafuta mutu anaweza kupiga sawa marehemu. Nikamuambia niko na Solo. Nilipomutumia gitare yako, alinipigia. Alilia, Ba Solo. Anasema hii mutu anapiga sawa yeye kabisa, ata makosa yake ni moja."

"Na weye hukumuambia jina yangu?"

"Hakuuliza! Nani anaulizaka jina ya mutu wa kupiga gitare mu studio?"

Ni kweli. Yeye mwenyewe hakuuliza mwimbaji ni nani.

Inafaa kueleza hapa walivyokuwa wakifanya kazi, hawa wawili, zamani kule Kilwa. Djo alikuwa mtu wa maneno. Alitupa mstari mmoja hewani, na Banza hakuujibu kwa kinywa, aliujibu kwa gitaa. Kama mstari ulikuwa na uhai, gitaa lilipata la kusema, na mstari ulibaki. Kama ulikuwa wa kujipendekeza tu, au wa kuiba kwa wengine, Banza aliondoa mkono kwenye nyuzi akatazama pembeni, na mstari ulikufa hapo hapo. Djo alimtukana, akabembeleza, akatupa mwingine. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa nyimbo zote. Halafu siku moja wimbo wao uliokuwa mzuri kuliko zote ukatangazwa redioni, na mtangazaji akasema umetungwa na Djo. Djo hakumsahihisha. Banza aliondoka bila kuaga, vita vikafuata, akavuka ziwa, akabadilisha laini ya simu, na akaapa kwamba Djo atamsikia tena siku yeye mwenyewe, Banza, atakapokufa. Kiapo hicho sasa kilikuwa kimekaa mbele yake kimemkodolea macho.

Mwewa akaipiga namba ya Djo, akampa simu. Iliita mara moja tu.

"Allô, Mwewa, frère!"

"Haiko Mwewa. Ni Banza."

Kuku waliokuwa uani kwa Djo walisikika wakigombana.

"Banza gani?"

"Banza ule uliimbia matanga."

"Weye ni mutu gani hauna haya?" Djo alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Tulimuzika na mikono yetu! Unatafuta nini kwa batu banalia?"

Akakata. Banza akapiga tena, Djo akakata tena. Mwewa, ambaye jasho lilikuwa limemtoka utadhani maiti ni wa kwake, akalivuta gitaa la studio ukutani na kumwekea Banza mapajani. Mara ya tatu Djo alipopokea huku akitukana, Banza hakusema neno. Alipiga. Alipiga jibu la mstari mmoja wa zamani ambao hawakuwahi kuurekodi, mstari ambao ulikosa wimbo wake kwa sababu ya ugomvi.

Matusi yakakatika. Djo alikuwa anahema.

"*Mama alipanda muhogo,*" alisema pole pole, hakuimba, "*miye nikavuna njaa.*"

Banza akajibu tena kwa gitaa, pale pale, kama alivyojibu siku ile.

"*Malaika wa mapenzi,*" Djo akasema, "*moyo wangu ni kiti yako ya zahabu.*"

Mwewa alimwonyesha Banza kwa mikono: piga, piga! Banza aliondoa mkono kwenye nyuzi. Akatazama pembeni, ingawa hapakuwa na wa kumwona ila Mwewa. Kimya kilikaa kwenye simu kwa muda mrefu hata Mwewa akadhani salio limekwisha.

Ndipo Djo akaanza kulia.

"Ni weye," alisema. "Ni weye, mubaya weye! Mutu mwingine angejibu!" Akaiacha simu, wakamsikia akikimbia uani anapiga kelele: "Jeanine! Jeanine, kuya! Banza eko! Banza hakukufwa! Anakatala mistari yangu ku simu!"

Banza naye alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na Mwewa anampiga piga mgongoni, na kwa kitambo hicho kifupi ilikuwa furaha tupu. Sisemi uongo, ilikuwa tamu. Watu wachache sana wamepata kusikia wanavyopendwa baada ya kufa.

Kisha Djo akarudi kwenye simu. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Banza. Alors shiye tulizika nani?"

Swali hilo Banza hakuwa amejiuliza. Ataficha wapi uso, lakini ni kweli, hakuwa amejiuliza. Alikuwa amejishughulisha na uhai wake mwenyewe.

"Muliona nini?" aliuliza.

Djo akasimulia. Mvua za mwaka jana, boti iliyotoka Chisenga ilipinduka karibu na Kilwa. Watu waliookolewa waliokolewa, waliokufa walitambuliwa na ndugu zao. Mmoja alitupwa na maji baadaye, peke yake, mbali na wengine. Uso na kichwa havitazamiki, maana ziwa na samaki walikuwa wamefanya kazi yao. Pembeni yake kulikuwa na gitaa ndani ya mfuko wa nailoni, na nyuma ya gitaa jina limeandikwa kwa rangi nyekundu ya kucha: BANZA.

"Miye nilisema gitare peke yake haitoshe," Djo alisema. "Mutu anaweza kuiba gitare. Njo Jeanine akakamata mukono yake ya kushoto. Akashika vidole, moja moja. Ilikuwa nguvu, pale-pale penye nyuzi inakataka. Jeanine akaanguka chini. Alisema, hii ni kaka yangu, hii vidole nayiyua."

Banza akafumba macho.

Aliijua ile rangi ya kucha. Aliliandika jina lile yeye mwenyewe. Na gitaa lile hakuibiwa. Alilitoa kwa mkono wake, mvua zilipokuwa zinaanza, akamkabidhi Méschac, mwanafunzi aliyekaa naye kuliko wote, kijana aliyeanza kuja kwake hata hajaota ndevu. Wengine walijifunza nyimbo. Méschac alijifunza kupiga kama Banza, mpaka pale anapochelewa Banza na yeye alichelewa. Vidole vile alivipika Banza. Alivikagua kila Jumamosi kwa ukucha wake, mwaka baada ya mwaka, mpaka vikawa vyake, mpaka dada yake wa tumbo moja akavishika na kumlilia yeye.

Méschac aliaga kwamba anakwenda Lubumbashi kutafuta bahati, kwa barabara, kwa lori. Mama yake, Claire, aliogopa ziwa, na kijana alimwapia kwamba hatakanyaga boti. Kwa hiyo boti ilipozama, wilaya nzima ya Nchelenge, Kashikishi ikiwemo, ilizungumza, na Claire alisikitika kwa ajili ya watoto wa wengine, na Banza alisikitika naye. Hakuna aliyemfikiria Méschac. Alikuwa barabarani, yuko salama.

Lakini kulikuwa na njia ya kwenda Kilwa, na Banza ndiye aliyemwonyesha. Si kwa siku moja, kwa miaka. Kila kijana alipomletea wimbo wenye maneno dhaifu, Banza alimwambia lile lile: gitare nimekufundisha, maneno siwezi. Maneno iko kwa Djo, Kilwa, ule mwizi. Alilisema kwa uchungu, alilisema kwa kujigamba, na nadhani alilisema pia kwa kumkumbuka rafiki. Kijana alisikia mara zote hizo, akachukua gitaa la mmoja ampelekee mwingine.

"Banza? Uko?"

"Niko," alisema.

Alirudisha simu kwa Mwewa. Alikaa akitazama mkono wake. Wazo lilimjia, na halikuwa wazo la kishujaa. Angeweza kubaki marehemu. Angemwambia Djo anyamaze, amwambie Jeanine anyamaze, waendelee na matanga yao kama walivyopanga. Kule walikwisha kulia, kilio chao kimeshapoa. Huku Claire anauza unga wake wa muhogo na kila siku anauliza, "Ya Banza, Méschac hakukupigia?" naye humjibu, "Mama Méschac, vijana wakifika Lubumbashi banasahau mama zao, atapiga tu." Alikuwa akimjibu hivyo kwa hasira, eti kijana amekuwa na kiburi, eti amepata jina na kumsahau mwalimu! Akibaki yeye amekufa ng'ambo ile, Méschac anabaki hai ng'ambo hii. Ilikuwa bei ndogo. Angeilipa, wallahi angeilipa bila kufikiria mara mbili.

Ila Chanda alikuwa amekwisha kwenda sokoni.

Alimfuata huko, akasikia vigelegele kabla hajafika. Wanawake wa Kikongomani walikuwa wamemzunguka Chanda na simu yake, wimbo unapigwa kwa sauti ya juu, na mmoja anamtafsiria Chanda kwa Kibemba. Wa kwanza kumwona Banza alikuwa Claire. Aliruka gunia lake la unga, akamkimbilia mikono wazi.

"Marehemu yetu anatembea!" alipiga kelele. "Muangalie! Marehemu anatembea na kandambili mu miguu!"

Soko likacheka. Claire akamkumbatia, na shati jeusi la Banza likajaa unga wa muhogo kifuani na mgongoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye nguvu, ambaye hakupenda kumgusa mtu, na sasa alimshika kama mtoto aliyepotea akapatikana.

"Nililia, Ya Banza! Kwanza nililia, kisha nikakumbuka jana ulikuya kununua unga kwangu, na ukalalamika ni chafu! Nikasema huyu Djo wa Kilwa eko wazimu. Anazika mutu mwenye kulalamika!" Alijifuta machozi kwa pindo la kanga. "Mungu eko, vraiment. Mungu eko. Leo ninakupikia kuku, sitaki kusikia kitu."

"Mama Méschac," Banza alisema.

"Na wimbo ni muzuri, ile kitu inaudhi! Nimeshika yote." Akaanza kuimba, anacheza kidogo kwa bega moja, wanawake wanampigia makofi. "*Banza, mayi ilikukamata mbele ya wakati, gitare yako tu njo ilirudia ku…*"

Akasimama.

Kicheko kilikuwa bado usoni pake. Kilikaa pale bila mwenyewe.

"Gitare yako," alisema. "Gitare yako gani?"

Makofi yakapungua, yakaisha. Chanda akaizima simu.

"Gitare yako iko na mutoto yangu," Claire alisema. "Ulimupatia. Niliona na macho yangu, nilimushonea mufuko."

"Ndiyo."

"Na Méschac alipita na barabara. Na lori. Alinisemea yeye mwenyewe."

Alimtazama Banza akingoja aseme ndiyo nyingine. Ilikuwa ndogo, hiyo ndiyo, na ingemtosha. Banza aliitafuta, akaikosa. Kwa mara ya pili siku ile alinyamaza mahali pa kujibu, na Claire, ambaye hakuwahi kutunga wimbo maishani, alikielewa kimya kile vizuri kama Djo.

"Balimuyua namna gani?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Kama balisema ni weye, balimuyua namna gani? Sura?"

"Hapana sura."

"Vidole," Claire alisema.

"Vidole."

"Mukono gani?"

"Ya kushoto, mama."

Claire aliitazama mikono yake mwenyewe, myeupe kwa unga. Alikuwa akimgombeza Méschac kwa vidole vile. Wote pale sokoni walimsikia mara nyingi: usiniguse, vidole yako ni kama kikwaruzo ya muhogo, mwanamuke gani atakutaka? Kijana alicheka akamkwaruza shavuni kwa makusudi. Sasa aliupeleka mkono shavuni taratibu, pale pale, ukaacha alama ya unga.

Hakupiga kelele. Banza alikuwa amejiandaa kwa kelele, na kwa kupigwa pia. Alitamani sana kupigwa. Claire alirudi hatua kwa hatua mpaka gunia lake likamgusa miguu, akakaa juu yake. Wanawake wakamsogelea, naye akawazuia kwa kiganja.

"Balimuzika muzuri?"

"Muzuri. Dada yangu njo alimuzika. Alimulilia sana."

"Na balimuimbia."

"Ndiyo."

"Jina yako."

"Jina yangu."

"Na gitare ile mu wimbo, nani anapiga?"

"Ni miye, Mama Méschac. Sikuyua. Nakuapia, sikuyua ninapigia nani."

Claire akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayeelezwa njia ya mbali.

"Basi uliyua sasa," alisema. "Imba. Weka jina yake."

"Sina gitare hapa."

"Imba."

Banza hakuwa mwimbaji. Maisha yake yote aliwapigia wengine waimbe. Na fundi aliyemo ndani yake, ambaye hakumwacha hata saa ile, alikwisha kuiona shida: Djo aliukata wimbo kwa jina la Banza, na pale mwanzo wa mstari pana nafasi ya silabi mbili tu, Ba na nza, moja juu na moja chini. Méschac, kama anavyoitwa na watu wake, ana tatu. Alijaribu. Jina likagonga, likakatika, mwisho wake ukamezwa na neno maji linalofuata.

Aliupangusa uso wake kwa shati, ukapakwa unga. Akaanza upya, na mara hii alipofika kwenye jina aliuzuia wimbo mzima hapo. Hakuuachia uendelee. Alilisema jina lote, Mé-sha-ki, mpaka mwisho wake, kisha ndipo akayaruhusu maji yaje, na gitaa lirudi mchangani, na akafika pale mwimbaji anapouliza sasa nani atamjibu.

Mama Méschac akajibu. Kilio chake kilitoka kwenye gunia la unga kikapita juu ya soko, na mpaka kwenye boti zilizofungwa ufukweni watu walisimama wakageuka.